Nani Atahesabu Fedha za Jeshi?



Katika mkutano wa tawi letu uliopita ndugu mmoja wa karakana alisimama akauliza habari za makadirio ya fedha za serikali, akataja fungu la Wizara ya Ulinzi. Kabla hajamaliza, watu wa nyuma walianza kuguna. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akamwambia, "Kijana, keti. Mambo ya jeshi si yetu. Tumekuja hapa kuzungumza habari za posho na nyumba." Watu wakapiga makofi, na yule ndugu akaketi. Mimi nami nilipiga makofi, kwa sababu mvua ilikuwa karibu na kwangu ni mbali.

Lakini nikiwa njiani, nikitembea kando ya reli, niliona haya. Yule ndugu aliuliza swali la haki, nasi tulimnyamazisha kama mtoto aliyetamka neno baya mbele ya wageni. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu hili. Kama nimekosea, mzee wetu na aandike anijibu katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa heshima.

Karatasi ya mshahara twaijua sote. Kodi inayokatwa pale haiandikwi kwamba shilingi hii ni ya dawa na shilingi hii ni ya risasi. Yakatwa yote pamoja, yaenda katika mfuko mmoja, na watu waliokaa Nairobi ndio wanaoigawa. Tukidai nyumba twaambiwa mfuko hautoshi. Basi mtu awezaje kuuliza habari za mfuko akakatazwa kutazama upande mmoja wake? Tena askari wenyewe ni nani? Ni watoto wa watu wa reli, wa bandari na wa mashamba. Mdogo wangu amevaa gwanda. Kiatu chake, gari lake na bunduki yake vikiwa vibovu, mwenye kampuni iliyoviuza hatalia. Mama yetu ndiye atakayelia.

Wanaosema mambo hayo si yetu hawakosi sababu. Husema ya kuwa jeshi lina siri, na adui ana masikio. Husema pia ya kuwa mbunge si jenerali. Jana alikuwa mwalimu au mwenye duka, leo atajuaje taifa lahitaji mizinga mingapi? Mimi nakubali nusu ya maneno hayo. Sitaki mbunge wangu aende kumwamuru ofisa aweke askari wake kwenye kilima hiki ama kile. Lakini kati ya kuamuru vita na kufumba macho pana kazi kubwa katikati, na ya kuwa kazi hiyo yaweza kufanywa, hata wakati mizinga inalia, nitaonyesha kwa mfano wa mtu mmoja. Ni mfano wa mbali, wa Marekani, lakini mtu mwenyewe watu wa reli walimjua sana, kwa mema na kwa mabaya. Kitabu cha habari zake nilikiazima kwa mwalimu mmoja, nikakisoma usiku mwingi.

Mtu huyo ni Harry Truman, ambaye wengi wetu twamjua kwa jina la urais tu. Alizaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Missouri. Alipokuwa kijana alikuwa karani wa kuandika saa za vibarua katika kambi za kontrakta aliyekuwa akijenga reli ya Santa Fe. Kila mmoja wetu amewahi kumwona karani wa namna hiyo, na daftari lake, na penseli nyuma ya sikio. Chuo kikuu hakumaliza. Vita ya kwanza ya dunia alipigana Ufaransa akiwa kapteni wa mizinga. Aliporudi akafungua duka la nguo za wanaume, duka likafa mwaka 1922, akabaki akilipa madeni miaka mingi. Alifika katika Baraza la Senate mwaka 1935, na sitaficha ya kuwa aliyemsukuma ni bwana mmoja wa siasa wa mji wa Kansas City, Tom Pendergast, ambaye mwaka 1939 alifungwa jela kwa hila za kodi. Basi simleti hapa kama mtakatifu.

Kazi yake ya kwanza kubwa katika Senate ilikuwa juu ya reli. Yeye na Seneta Wheeler walichunguza hesabu za makampuni ya reli yaliyofilisika, wakaona jinsi matajiri walivyoweka kampuni juu ya kampuni, wakajilipa faida kutoka juu, na huku chini njia ikiharibika na wafanyakazi wakifukuzwa. Mwaka 1937 alisimama katika Baraza akasema ya kuwa jambazi Jesse James, aliyeiba gari la moshi la reli ya Rock Island mwaka 1873, walau aliamka alfajiri, akapanda farasi na kuhatarisha maisha yake. Lakini matajiri waliokuja miaka kama thelathini baadaye waliitoa reli ile ile dola milioni 70 na zaidi bila kushika bastola. Maneno hayo watu wa reli hawakuyasahau. Mwaka 1940 alipokuwa karibu kushindwa katika uchaguzi wa chama chake, vyama vya wafanyakazi wa reli vilimsaidia, na gazeti lao likatoa toleo maalum la kumtetea. Alishinda kwa kura kama 8,000 tu. Gazeti la chama lina nguvu, ndugu zangu, hata lile la kuzungushwa kwa mkono kama hili letu.

Sasa tufike kwenye jeshi. Mwishoni mwa mwaka 1940 Marekani ilikuwa haijaingia vitani, lakini ilikuwa ikijitayarisha mbio. Kambi zilijengwa kila mahali, na mabilioni ya dola yalitolewa kwa haraka. Barua zikaanza kumfikia Seneta Truman kutoka kwa watu wa jimbo lake juu ya kambi mpya iliyokuwa ikijengwa Missouri, Fort Leonard Wood. Watu waliandika ya kuwa fedha zamwagwa kama maji. Yeye hakuandika barua kwa wizara akangoja jibu. Aliingia katika motokaa yake akaenda mwenyewe, bila kupiga tarumbeta. Aliona mbao na vifaa vimelala nje vikinyeshewa, aliona watu wamesimama bila kazi na mishahara ikihesabiwa. Akaendelea mpaka kambi za majimbo mengine, akaona yale yale.

Siri ya upotevu ule haikuwa siri hata kidogo. Ilikuwa imeandikwa katika kandarasi zenyewe. Serikali ilikubali kulipa gharama zote za kujenga, hata zifike ngapi, na juu ya hizo kumpa kontrakta ujira wake. Mtu akiambiwa hivyo, ya nini azuie mkono? Msumari wa shilingi moja ataununua kwa tatu, na vibarua kumi atawaandika thelathini. Mimi singemlaumu kontrakta peke yake. Aliyetia sahihi kandarasi ya namna hiyo ndiye aliyefungua mlango wa ghala akalala.

Mwezi wa Februari mwaka 1941 Bwana Truman alieleza mambo hayo katika Senate, na tarehe 1 Machi Baraza likakubali kuunda Kamati Maalum ya Kuchunguza Mpango wa Ulinzi wa Taifa, yeye akiwa mwenyekiti. Wakubwa hawakuitaka sana. Walimpa dola 15,000 tu kuchunguza matumizi ya mabilioni. Nadhani walitaka achoke mapema. Lakini yeye alichukua zaidi ya nusu ya fedha hizo akamwajiri mwanasheria mmoja hodari, Hugh Fulton, kwa dola 9,000 kwa mwaka, kisha akaomba makarani kutoka ofisi nyingine.

Kuna mambo mawili aliyoyaamua mwanzoni, nami nayapenda sana. Alikuwa amesoma habari za kamati ya Bunge ya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, miaka ya 1861 hata 1865, ambayo iliwasumbua majenerali kwa kuwafundisha vita, ikaleta hasara tupu. Kwa hiyo kamati yake haikugusa mipango ya vita. Ni nani apigane wapi, hilo waliwaachia wenye kazi. La pili, alijua ya kuwa baada ya vita ya kwanza ya dunia zilifanywa chunguzi zaidi ya 100 juu ya fedha zilizoliwa, na zote zilikuja wakati walaji wamekwisha kunawa mikono. Yeye alitaka kuhesabu wakati fedha zinatoka, si wakati zimekwisha.

Ripoti ya kambi ilitolewa mwezi wa Agosti mwaka 1941. Ilisema zaidi ya dola milioni 100 zilipotea bure. Jenerali aliyehusika na ujenzi alikasirika, lakini namna ya kujenga ilibadilishwa. Baadaye kamati iliwageukia wale mabwana waliotoka katika makampuni makubwa kuja kufanya kazi serikalini kwa dola moja kwa mwaka. Dola moja! Ukisikia hivyo utamlilia machozi kwa uzalendo wake. Kumbe wengi waliendelea kupokea mishahara yao kutoka kwa makampuni yale yale, na kandarasi nyingi zilikuwa zikienda huko huko. Vyama vya wafanyakazi navyo havikuachwa, vilipokosa viliambiwa. Na katika miaka yote ya uenyekiti wake ripoti za kamati zilikubaliwa na wajumbe wote, wa chama chake na wa chama kingine. Hapo ndipo ilipopata nguvu, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema haya ni maneno ya upinzani.

Watu wengi wasimuliapo habari hizi hupenda kusema ya kuwa kamati iliokoa dola bilioni 10 ama 15. Mimi hesabu hiyo siishiki sana, maana fedha ambayo haikuibiwa ni vigumu kuihesabu. Naona kubwa zaidi ni mambo ya mwaka 1943.

Mwaka ule kamati ilisikia habari za kiwanda cha chuma cha Irvin huko Pennsylvania, mali ya kampuni iliyo chini ya United States Steel. Mabamba ya chuma ya kujengea meli yalipaswa kupimwa nguvu zake kabla ya kutoka. Wapimaji walikuwa wakiandika matokeo ya uongo ili mabamba yapite. Mwezi wa Januari mwaka ule ule meli mpya ya mafuta, Schenectady, ilikuwa imepasuka katikati ikiwa imetulia bandarini Portland, bila wimbi wala adui. Na wataalamu walibishana sana kama kosa ni la chuma ama la kulehemu. Kisha zikaja habari za kiwanda cha injini za ndege cha kampuni ya Wright huko Lockland, Ohio. Kamati iliripoti mwezi wa Julai ya kuwa injini mbovu zilipitishwa kama nzuri, na mkaguzi aliyekataa kupiga muhuri alisumbuliwa au kuhamishwa. Kampuni ilikana kwa nguvu, na gazeti moja mbili zikaichukia kamati badala ya injini.

Fikirini, ndugu zangu. Rubani yuko juu mawinguni. Hakumwona aliyepima chuma wala aliyepiga muhuri. Yeye alipewa ndege akaambiwa panda. Ni nani aliyejua ya kuwa injini ina kasoro? Hakuwa jenerali, hakuwa mbunge, wala hakuwa Rais. Aliyejua ni mfanyakazi aliyesimama kwenye mashine, na karani aliyeandika namba ya uongo. Kamati ilifanya kazi kwa sababu watu wa namna hiyo walisema.

Hapa nasimama kidogo niungame jambo langu. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijahamishwa, nilikuwa katika genge la njia mahali ambapo kontrakta mmoja alileta kokoto za kutia chini ya mataruma. Malori yalihesabiwa langoni. Niliona kwa macho yangu ya kuwa lori lililoingia mara mbili liliandikwa mara tatu. Nikanunua daftari la shule, nikawa naandika jioni: tarehe, namba ya lori, safari. Niliandika wiki tano. Mnyapara wetu aliliona daftari akaniambia kwa upole, "Wewe una watoto wangapi?" Nikamjibu, watatu. Akasema, "Basi." Nililifunga daftari nikaliweka chini ya godoro. Sikumwandikia katibu wa chama, sikumwandikia mbunge, sikumwandikia mtu. Mvua kubwa ilipokuja, njia ilizama mahali pale pale, na sisi ndio tulioamshwa usiku kwenda kuiinua. Zilikuwa kokoto tu. Ingekuwa injini ya ndege ningefanya nini? Sipendi kujibu.

Basi mtu akiniambia ya kuwa mbunge hajui mambo ya jeshi, namjibu ya kuwa hata Truman hakujua mambo ya injini. Alijua kuandika saa, alijua kusoma barua za watu wadogo, na alijua kwenda kutazama. Yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara aliketi kwanza akahesabu gharama, na kwa kuhesabu haikumpasa awe fundi wa mawe.

Lakini sitaki kuwauzia mbuzi ndani ya gunia. Kamati ile ilishindwa mara nyingine, na kushindwa kwake kwatufundisha pia. Jeshi lilijenga bomba la mafuta kutoka kaskazini ya Kanada, mradi ulioitwa Canol, kwa dola zaidi ya milioni 130. Kamati ilisema ni upotevu. Wakubwa wa jeshi walikaza shingo wakaendelea, na mwaka 1945 bomba likaachwa lipate kutu. Ni wazi ya kuwa kamati bila Bunge zima kuikaza nyuma ni mbwa wa kubweka.

Kubwa zaidi ni habari ya mwezi wa Juni mwaka 1943. Kamati iliona fedha nyingi mno zaenda katika kiwanda karibu na Pasco, jimbo la Washington, na hakuna aliyeweza kueleza kinatengeneza nini. Truman akauliza. Waziri wa Vita, Bwana Stimson, akamwambia ni siri kubwa, watu wawili watatu tu duniani wanaijua yote. Truman akajibu vema, akaacha. Kiwanda kile kilikuwa sehemu ya kazi ya bomu la atomu, kazi iliyokula kama dola bilioni 2, na katika Bunge zima viongozi wachache tu ndio waliodokezwa mwaka 1944. Rais Roosevelt alipokufa tarehe 12 Aprili 1945, Truman, aliyekuwa makamu wake kwa miezi isiyofika mitatu, alikuwa Rais bila kuijua kazi ile sawasawa. Miezi minne baadaye, Agosti 6 na Agosti 9, mabomu yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki.

Wengi husema alifanya vema kunyamaza, maana adui angejua. Labda. Mimi moyo wangu hautulii. Jambo kubwa kuliko yote aliyoyachunguza lilipita pembeni ya meza yake kwa neno moja, siri, na fedha zake zikatoka kama zingine. Sisemi siri zote zitangazwe sokoni. Lakini katika Bunge lazima wawepo watu, japo wachache, walioapa kunyamaza, wanaoona hesabu yote bila kipande kilichofunikwa. La sivyo kila mwizi atajifunza kuandika neno siri juu ya karatasi yake.

Na sisi watu wa reli tuna lingine la kukumbuka. Tarehe 23 Mei 1946 wafanyakazi wa reli wa Marekani waligoma kwa ajili ya mishahara, na viongozi wa mgomo walikuwa watu ambao chama chao kilimsaidia Truman mwaka 1940. Siku mbili baadaye Rais Truman alisimama mbele ya Bunge akaomba sheria ya kuwaandikisha wagomaji jeshini kwa nguvu. Yaani dereva wa gari la moshi akigoma, avishwe gwanda, aamriwe kama askari arudi kwenye gari lake! Alipokuwa bado anasema aliletewa karatasi ya kuwa mgomo umekwisha kwa masharti yake. Hata hivyo Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ile siku hiyo hiyo, kura 306 kwa 13. Hebu fikirini, kumi na watatu tu ndio waliosema hapana.

Senate ndiyo iliyoizuia. Na mmoja wa waliokataa kwa nguvu ni Seneta Taft wa Ohio, ambaye hakuwa rafiki wa vyama hata kidogo. Mwaka uliofuata alitunga sheria ya kuvibana, na Truman, huyo huyo, akaikataa, Bunge likaipitisha juu ya kichwa chake. Siasa zina vituko. Lakini mimi nafahamu hivi: aliyekuwa kinga yetu akiwa seneta alikuwa hatari kwetu akiwa Rais, na kilichowaokoa wenzetu siku ile ni Baraza lililokataa kukimbizwa.

Twaweza sasa kurudi nyumbani. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 238, yasema ulinzi wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Kifungu cha 95 chalipa Bunge la Taifa kazi ya kuidhinisha kutangaza vita. Kifungu cha 240 chataka idhini ya Bunge kabla majeshi hayajapelekwa nje ya Kenya. Na kifungu cha 241 chasema jeshi likitakiwa kurudisha amani mahali penye fujo ndani ya nchi, ni lazima Bunge la Taifa likubali. Mzee wetu aliposema mambo ya jeshi si yetu, Katiba ilikuwa imekwisha kusema ni ya wajumbe wetu, nasi ndio tunaowatuma.

Lakini maandishi ni kama ratiba ya gari la moshi iliyobandikwa stesheni. Gari laweza kuchelewa. Tarehe 16 Oktoba 2011 askari wetu walivuka mpaka kuingia Somalia, na Bunge lilipiga kura ya kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika mwezi wa Desemba. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga mswada wa kodi, wizara ilitangaza ya kuwa jeshi limeitwa kusaidia polisi, na Bunge la Taifa likaidhinisha kesho yake. Sibishani hapa kama ilifaa ama haikufaa. Nasema tu ya kuwa idhini inayokuja baada ya lori kuondoka ni kama tikiti inayokatwa abiria akiwa ameshuka. Na katika maandamano ya mishahara siku moja, tutakaokabiliana na lori hilo ni sisi.

Upande wa fedha nao tuna meli ya vita KNS Jasiri. Kandarasi yake ilifanywa mwaka 2003, na meli ikafika Mombasa mwaka 2012. Miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa siku ya kutia sahihi alikuwa akisoma shule ya msingi meli ilipotia nanga. Kuna kamati ya Bunge ya ulinzi, na kuna Mkaguzi Mkuu wa hesabu. Ningependa kujua mjumbe wetu amewahi kuuliza swali gani moja huko, na alijibiwa nini. Akija katika harambee husema habari za madaraja na za madarasa, na twamshukuru. Habari za mafungu makubwa hatumsikii akizisema, lakini kwa haki yake, na sisi hatujapata kumwuliza.

Kwa hiyo katika mkutano wa tawi ujao nitaleta hoja, na yule ndugu wa karakana amekubali kuiunga mkono. Tumwandikie mbunge wetu barua, kwa muhuri wa chama, tumwombe aje atueleze alipigaje kura juu ya fungu la ulinzi katika makadirio ya mwaka huu, na kama aliyasoma kabla ya kupiga. Tusimwulize jeshi liko wapi wala lina bunduki ngapi. Tumwulize bei, tumwulize aliyeuza, tumwulize ni nani aliyekwenda kutazama kama kilichonunuliwa kimefika. Mzee wetu namwomba akae kiti cha mbele siku hiyo, naye apinge kama aonavyo.

Daftari langu la kokoto lingali chini ya godoro. Nalo nitakuja nalo, nimkabidhi katibu mbele ya wote.

Ni mimi mwanachama wenu,
Mtu wa Genge la Njia